Shubiri ya Bibi Lubaba

Wamesimulia waliotutangulia, na ujuzi kamili uko kwa Mola peke yake, kwamba katika milima ya Yemeni, zama watu walipokwenda kuhiji kwa miguu na kwa ngamia, palikuwa na mji mdogo ukiitwa Ghamama. Ghamama kwa lugha yao ni wingu, na mji ulistahiki jina hilo. Kila asubuhi mawingu yalishuka kutoka kileleni, yakaingia njiani, yakaingia uani, yakaingia hata vyumbani iwapo mlango umesahauliwa wazi. Mtu akitoa salamu ndani ya weupe ule, aliitikiwa na sauti ambayo mwenyewe haonekani. Kisha jua hupanda, mawingu huondoka polepole, na nyumba hutokeza moja baada ya nyingine pale pale zilipokuwa jana.

Katika mji huo aliishi mwanamke mwema akiitwa Lubaba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Naanza kumwombea rehema mapema kwa sababu mbele kidogo mtamwona amekasirika, na sitaki mtu amhukumu hapa mbele yangu. Wapo wanaosikia "mja mwema" wakafikiri ni mtu asiyepandwa na hasira, anayetembea akitabasamu kutwa kucha. Mimi huyo sijapata kumwona. Lubaba alikuwa mwanamke wa ibada, mwepesi wa kutoa alichonacho, na ulimi wake ulikuwa mkali vilevile. Ukimwambia neno, anakujibu, tena hakuachii hata pumzi ya kulimaliza neno lako.

Mumewe aliitwa Nuaim, fundi wa kuta za mawe. Nuaim alipojaaliwa kuiendea Nyumba Tukufu, hakuwa na wa kumwachia mama yake, Bibi Atika, isipokuwa mkewe. Asubuhi ya safari alimshika mama yake mkono, akautia katika mkono wa Lubaba, akasema, "Hii ndiyo amana yangu. Namwachia Mola wangu, kisha nakuachia wewe." Lubaba akasema ameipokea. Kisha Nuaim akaingia katika wingu pamoja na mahujaji wenzake, zikasikika kengele za ngamia kwa muda mrefu baada ya wao kutoonekana.

Siku alipoondoka, Bibi Atika alikuwa mzima wa mwili na akili. Baada ya hapo mawingu yakaanza kumwingia kichwani. Mwanzo yalikuwa mambo madogo ya kuchekesha. Alimwita Lubaba kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa, au alitoka uani kuwatafuta mbuzi waliouzwa zamani. Lubaba alimrudisha ndani kwa upole na wote wawili wakacheka. Lakini mahujaji wakarejea, na Nuaim hakuwamo. Wenzake walisema walimwacha njiani katika mji mmoja, ameshikwa na homa, na kwamba atakuja akipata nafuu. Bibi Atika aliisikia habari hiyo, ikazama katika wingu lake, na ilipoibuka ilikuwa imegeuka habari nyingine kabisa. Akasadiki kwamba mwanawe ameuawa, na aliyemuua ni mkewe, na kwamba sasa mke huyo anamtilia yeye sumu katika chakula.

Akaacha kula chakula cha mkono wa Lubaba.

Mambo yakawa magumu. Lubaba alionja kila sahani mbele ya macho ya mama mkwe wake. Bibi Atika akamwambia, "Wewe umeizoea." Majirani walileta chakula kutoka majumbani mwao, akasema wametumwa na muuaji. Alikubali tende tu, kwa sababu alizipasua mwenyewe akaangalia ndani, na maziwa ya mbuzi aliyekamuliwa mbele yake. Kisha mbuzi yule akakauka maziwa. Kisha na tende nazo akazitilia shaka, akasema zimedungwa sindano. Mifupa ya mabega yake ikaanza kuonekana chini ya shuka. Na kutwa nzima, kwa ile sauti iliyobaki, alimwita Lubaba muuaji, naye Lubaba alijibu. Alijibu kwa haki, maana alikuwa hakufanya kosa, na hapo ndipo penye mtihani. Mwenye kosa hunyamaza kwa aibu. Asiye na kosa ananyamaza kwa nini?

Siku moja Bibi Atika alimtemea mate usoni. Lubaba akaingia chumbani, akafunga nguo zake katika shuka, akakifunga kifurushi kwa fundo la nguvu. Ndugu zake waliishi ng'ambo ya bonde. Akasema moyoni kwamba watu wa sokoni wakishuka, naye atashuka pamoja nao, na amana ile aipokee anayeweza.

Lakini alikuwa mcha Mungu, na mcha Mungu hata akikasirika huuliza kwanza. Karibu na kilele cha mlima palikuwa na msikiti mdogo wa mawe, na ndani yake aliishi Sheikh Dhakwan, mzee aliyejitenga kwa ibada. Huyu aliuwekea ulimi wake kufuli. Ukimuuliza jambo alikujibu kwa maneno machache, mara nyingine kwa moja tu. Lubaba hakuweza kupanda mwenyewe na kumwacha mgonjwa. Akamtuma jirani yao, Mzee Suwaid, muuza dawa za miti, ambaye hupanda mlimani kuchimba mizizi. Akamwambia, "Ami yangu, muulize sheikh mambo mawili. Nini dawa ya nyumba yetu? Na je, naruhusiwa kuondoka? Mwambie mama hataki kula. Mwambie asipokula atakufa, na mimi nikibaki nitasema neno ambalo Mola wangu hatalipenda."

Sasa tegeni masikio, maana kisa chote kimening'inia hapa. Kwa Kiarabu subira ni *sabri*. Na ule utomvu mweusi mchungu, ambao mama zetu huupaka kwenye ziwa wanapotaka kumwachisha mtoto kunyonya, ni *sabiri*. Baina ya maneno hayo mawili pana pumzi ndogo tu. Sisi Waswahili tumeyachukua yote mawili tukayaweka mbali kidogo, subira huku na shubiri kule, lakini ukiyasema kwa haraka bado utasikia kuwa ni ndugu.

Suwaid alipanda, akamkuta sheikh, akamweleza yote. Sheikh Dhakwan aliinamisha kichwa. Kisha akasema neno moja, "Sabri." Lakini sheikh alikuwa hana meno ya mbele. Neno likapita penye pengo, likaongezewa pumzi, na Suwaid, ambaye duka lake, nguo zake na nafasi yote baina ya masikio yake vimejaa miti na mizizi, akasikia *sabiri*. Akasikia shubiri. Msimcheke. Kila mmoja wetu husikia kwa masikio ya kazi yake.

Suwaid alistaajabu kidogo, akauliza, "Aichukue nani, ewe sheikh? Mama au mkaza mwana?"

"Mkaza mwana," akasema sheikh. "Kila linapomjia neno zito, aichukue. Afunge kinywa, asijibu kitu mpaka uchungu upite."

"Na kuondoka?"

"Aichukue kwanza. Uchungu ukishapita, ndipo aamue."

Akarudi katika dhikri yake. Suwaid akashuka mlima kwa furaha kubwa. Sheikh ameagiza dawa ambayo yeye anayo dukani, tena anayo ile nzuri, nyeusi inayong'aa, kutoka kisiwa cha Sokotra. Akavunja kipande akampelekea Lubaba zawadi, akamweleza sawasawa kama alivyoambiwa, na akaongeza la kwake, kwamba asizidishe punje ya ukubwa wa haradali kwa mara moja, kwani shubiri ikizidi humkimbiza mtu chooni. Katika hilo Suwaid hakukosea.

Lubaba alikitazama kile kipande kiganjani. "Mgonjwa ni yeye," akasema, "na dawa nile mimi?" Suwaid akasema hata yeye amelishangaa hilo, lakini sheikh ndivyo alivyosema. Alipoondoka, Lubaba alikaribia kukitupa kile kitu uani. Kilichomzuia ni kwamba alikuwa ameuliza. Mtu akishauliza kisha akalikataa jibu kwa kuwa ni chungu, basi hakuwa akiuliza, alikuwa akitafuta wa kumuunga mkono. Lubaba alilijua hilo, Mola amrehemu, akakifunga kipande kile katika ncha ya mtandio wake.

Haikuchukua muda. Bibi Atika aliketi kitandani akaanza, "We mwanamke, umemuua mwanangu." Jibu lilikuwa limeshafika kwenye meno ya Lubaba. Akavunja punje, akaiweka juu ya ulimi.

Anayeijua shubiri anaijua. Uchungu wake hauna mlango wa kutokea. Unashuka kooni, unapanda puani, unaingia machoni, kinywa kinajaa mate na huwezi kumeza wala kutema kwa heshima. Lubaba alifumba jicho moja, midomo ikajikunja, machozi yakamtoka. Asingeweza kusema hata kama angetaka. Na kwa kuwa hakujibu, Bibi Atika akaendelea. Kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa ule uanze, yule bibi alipata nafasi ya kulimaliza neno lake.

"Umemuua mwanangu," akasema, kisha sauti ikashuka. "Nirudishie. Nimechoka kumngoja mlangoni. Nikisikia kengele natoka, na kila nikitoka ni wingu tu."

Lubaba alisimama pale na uchungu wake kinywani. Yeye pia alikuwa akitoka kila asikiapo kengele. Yeye pia alikuwa akiona wingu tu. Siku zote hizo walikuwa wakigombana wanawake wawili waliokuwa wakimngoja mtu mmoja, na yeye hakulijua hilo kwa kuwa hakuwahi kumwacha mwenzake afike nusu ya pili ya maneno yake. Uchungu ulipopita, hakuona tena la kujibu. Akamfunika yule bibi miguu, akatoka.

Watu wa sokoni waliposhuka, Lubaba alisimama mlangoni, kifurushi nyuma yake. Akachukua punje kama alivyoagizwa, akangoja uchungu upite. Mpaka ulipopita, sauti za watu zilikuwa zimeshapotea bondeni. Akaona hilo ndilo jibu la swali lake la pili. Hakukifungua kile kifurushi, lakini hakukibeba.

Hata hivyo Bibi Atika hakula. Hilo lazima niliseme, kwa sababu wasimulizi wengine hupenda kukimbilia neema. Lubaba alinyamaza, alisubiri, alikesha akiomba, na mama mkwe wake akazidi kuwa mwepesi kitandani. Alikunywa maji tu, tena yale aliyoyaona yakitekwa. Majirani walianza kusema kwa sauti za chini kwamba atazikwa kabla mtama haujavunwa. Lubaba alilia mbele ya Mola wake na kusema, "Nimenyamaza, ewe Mola. Basi nini tena?"

Ikafika asubuhi moja ambayo wingu lilikuwa zito kuliko kawaida. Liliingia uani likakaa, hata jiko lilionekana kwa wekundu wake tu. Lubaba alikuwa amembeba mama mkwe wake akamkalisha karibu na moto, naye ameepua asida, yaani ugali laini wa mtama, akaufanyia kishimo katikati na kutia samli. Akauweka mbele ya Bibi Atika kama alivyouweka kila siku. Bibi Atika akausukuma. Akasema maneno yale yale, sumu, muuaji, mwanangu. Lubaba akafungua ncha ya mtandio, akavunja punje, akatia kinywani, akaketi chini kabisa penye mkeka, amechoka. Jicho moja likafumba, mdomo wa chini ukatoka nje, machozi yakaanza.

Bibi Atika alikuwa anamtazama. Sijui siku zile nyingine alikuwa akitazama wapi. Asubuhi hiyo, ndani ya weupe ule, alimtazama usoni.

"Umekula nini?" akauliza.

"Shubiri, mama," akasema Lubaba kwa shida.

Uso wa Bibi Atika ukalainika. Wingu la kichwani mwake lilikuwa limembeba likamshusha mbali, katika ua wa zamani, penye moto wa zamani, na mbele yake ameketi mtoto mwenye uso uliokunjamana. Akanyoosha mikono yake iliyokonda, akamvuta Lubaba, akamlaza kichwa pajani. Mwanamke mzima yule akalazwa kama mtoto, na hakupinga.

"Maskini," akasema Bibi Atika. "Wamekuachisha leo. Usilie, mwanangu. Ziwa halikuchukii. Ni chakula kimeiva, ndiyo maana."

Akachota asida kwa vidole vyake, akaipuliza, na kama afanyavyo kila mama ili asimuunguze mtoto, akaionja kwanza kwa ncha ya ulimi. Kisha akamtia Lubaba kinywani.

Lubaba akala. Ladha ya samli ikapita juu ya uchungu, na hapo akaona kilichotokea. Mama ameonja. Bibi Atika akachota tena, akapuliza, akaonja, akamlisha. Tonge la tatu Lubaba akafunga kinywa. Akageuza uso kama mtoto mkaidi. Bibi Atika akabembeleza, Lubaba akakaza midomo. Basi yule bibi akafanya lile ambalo mama wote wa dunia hulifanya. Akasema, "Tazama, mama anakula," akalitia tonge zima kinywani mwake, akalitafuna, akalimeza. Lubaba akafungua kinywa. Tonge moja la mtoto, moja la mama, mpaka sahani ikaonekana chini. Lubaba alilia kwelikweli, naye Bibi Atika akamfuta machozi kwa pindo la shuka na kumwambia kesho itakuwa rahisi zaidi.

Kesho yake alimwita muuaji tena. Msitarajie vingine. Lubaba akachukua shubiri yake, akaketi mkekani, na uso ulipokunjamana, Bibi Atika akamwona mtoto. Ikawa hivyo kila siku. Mara moja Lubaba alitaka kujipunguzia taabu, akaukunja uso tu bila ya kuweka kitu ulimini. Bibi Atika alimtazama akasema, "Wewe huna kitu," akaisukuma sahani. Mtu aliyesahau nani amekufa na nani amesafiri, uso wa mtoto anayeonja uchungu hakuusahau. Ilibidi uchungu uwe wa kweli. Kwa hiyo Lubaba aliuonja kila siku kwa hiari yake, bila ya kungoja kutukanwa, ili mwenzake apate kula. Suwaid akamletea kipande kingine, hakuuliza kile cha kwanza kimekwishaje haraka hivyo. Mifupa ya mabega ya Bibi Atika ikarudi chini ya ngozi, na siku moja Lubaba alikifungua kile kifurushi kwa kuwa alitaka shuka.

Mtama ulipokuwa umeshavunwa, Nuaim alifika. Alifika asubuhi, kwa miguu, amekonda kwa homa na ndevu zake zimeingia mvi. Wingu lilikuwa limejaa uani. Alisimama kizingitini akasikia mama yake anamwimbia mtoto, wimbo ule ule aliomwimbia yeye. Akadhani labda amekufa njiani bila ya kujijua, na hapa ni mahali ambapo roho hurudishiwa ilivyovipenda. Wingu likasogea kidogo. Akamwona mama yake ameketi, mkewe amelaza kichwa pajani pake, na baina yao sahani ya asida.

Akapiga magoti. "Mama, ni mimi. Ni Nuaim."

Bibi Atika alimtazama kwa adabu. "Nuaim wangu bado ni mdogo," akasema. "Wewe una mvi. Karibu, mgeni, lakini usipaze sauti, mtoto anakula."

Njia nzima, katika homa na katika jua, Nuaim alikuwa akiuona uso wa mama yake ukimpokea. Hilo ndilo lililomtoa kitandani katika mji wa ugeni. Sasa uso uko mbele yake na yeye hamo ndani yake. Alitaka kupiga kelele. Alitaka kumshika mabega amtikise. Lubaba aliliona jambo hilo likipanda kooni mwake, kwa sababu alilijua lilivyo. Akainuka, akafungua ncha ya mtandio, akamwekea mumewe punje kiganjani.

"Karibu nyumbani," akamwambia. "Weka hii ulimini. Usimjibu mpaka uchungu upite."

Nuaim hakuelewa, lakini aliitazama sura ya mkewe, akatii. Uchungu ukamshika. Jicho lake moja likafumba. Mdomo wa chini ukatoka nje, kidevu kikaanza kutetemeka, na machozi yakamiminika katika zile ndevu zenye mvi.

Mkono wa Bibi Atika ukasimama hewani, tonge likiwa vidoleni. Alimkazia macho kwa muda. Kisha akaushusha mkono polepole mpaka kwenye midomo ya mwanawe.

"Nuaim," akasema. "Si nilikwambia usilie? Njoo ule."

Alikula kutoka mkono wa mama yake, na mkewe akiwa pembeni yake, mpaka wingu likaondoka na jua likaingia uani. Adhuhuri mama alikuwa ameshamsahau. Kesho yake asubuhi Nuaim alichukua punje yake, na akaitwa jina lake tena. Hivyo ndivyo alivyompata mama yake kila siku kwa muda uliobaki, na wanasema hakukosa hata asubuhi moja. Bibi Atika alifariki mwaka uliofuata, ameshiba, kichwa chake kikiwa pajani pa Lubaba.

Sheikh Dhakwan alishuka kutoka mlimani kuja kumsalia. Baada ya maziko wakaketi naye, na Nuaim akamshukuru kwa ile shubiri.

"Shubiri ipi?" akauliza sheikh.

Suwaid akasema ni ile aliyoiagiza yeye mwenyewe, kwa mkaza mwana, aichukue kila linapomjia neno zito. Sheikh akageuka. Akamtazama Suwaid, akamtazama Lubaba. Kisha ufizi wake ukaonekana wote, akacheka mpaka mabega yakatikisika, na kicheko kikageuka kilio bila ya mtu kuona mahali kilipogeukia. Akasema, "Mimi nilisema subira."

Suwaid alitamani ardhi immeze. Lakini sheikh alinyoosha kiganja kwa Lubaba. "Nimeitaja maisha yangu yote," akasema. "Nipe na mimi nionje."

Akaiweka ulimini, akafumba kinywa, na watu wote wakangoja pamoja naye. Uchungu ulipopita alisema, "Alhamdulillahi. Neno limefika vizuri kuliko nilivyolituma."

Basi, ndugu zangu, nanyi mnaoniambia "nimesubiri nimechoka" hali mmengoja mvua wiki moja tu, nina haya machache ya kuwaambia. Subira haikuahidiwa kuwa tamu. Aliyewaambia ni tamu hajaionja, au ameonja kitu kingine. Kila mmoja wetu aliwahi kuachishwa ziwa, na kila mmoja alilia akidhani mama amegeuka adui. Mama alikuwa pale pale, amempakata, na jikoni chungu kimeshaepuliwa. Mola atujaalie tufunge vinywa mpaka tukione.